Usifute Kabla Hujasoma

Jumatatu, 4 Machi

Haya, umerudi. Ulikuwa wapi muda wote huu? Daftari limelala chini ya godoro mpaka limeshika umbo la mgongo wako. Kalamu imekauka, nimeipulizia pumzi ndiyo ikakubali. Msomaji wa daftari hili ni mmoja tu, ni wewe mwenyewe, kizee — na hata huyo mmoja hafiki! Ungekuwa mgeni ningekufungia mlango. Lakini huna kwingine pa kusemea. Kaa. Usinune.

Lililonirudisha ni kompyuta ya Chiriku.

Chiriku ni binti yangu. Naandika kama vile hujui, kwa sababu uzee ni mwizi, huenda siku moja ukasoma hapa ukauliza Chiriku ndiye nani. Tulimwita hivyo kwa mdomo wake, haukupoa tangu alipojua kusema. Amekufa. Kompyuta ikabaki. Ndani yake mna sauti zake na picha zinazotembea. Alikuwa akirekodi kila kitu: jikoni, uani, mimi nikifua, mimi nikimfukuza kwa ufagio aache kurekodi. Tangu tumzike hakuna aliyezifungua. Si mimi, si mwanawe. Tunazipita kimyakimya kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Sasa huyo mwanawe, mjukuu wangu wa kike, namwita mke mwenzangu (ndivyo babu yake alivyotuzoesha kuitana, mzee mwenyewe katangulia, wake wawili tumebaki na nyumba), anasomea kuchora ramani za majengo. Mwalimu wao kasema programu ya kuchorea inataka mfumo mwingine wa kuendeshea mashine. Mtoto akaona asiutoe ule wa zamani. Auweke wa pili pembeni, mashine moja mifumo miwili, ukiwasha unachagua. Nikamuuliza, wapangaji wawili jiko moja, umeona wapi? Akacheka. Akasema kila mmoja atakuwa na chumba chake, Bibi, nimepima.

Jana, katikati ya hiyo kazi, umeme ukakatika. Betri ya mashine ilishakufa zamani, inaishi kwa waya. Ikazima. Ilipowaka tena — skrini nyeusi, herufi nyeupe. Kama tangazo la msiba.

Mtoto hajala. Nimemwekea chai, imeota ngozi juu.


Jumatano, 6 Machi

Fundi wa kompyuta wa pale kona kaiamsha. Tunamwita Fundi Subira, maana ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Ukimwambia nyumba inaungua atasema subira.

Mfumo wa zamani unafunguka. Ule mpya haupo. Lakini nafasi yake imeshikwa. Fundi kasema ni kama mgeni ambaye hakufika, ila kitanda chake kimetandikwa na hakuna ruhusa ya kukilalia. Nusu ya mashine nzima! Kwa hiyo kila mke mwenzangu akichora na kutaka kuhifadhi, inamjibu: imejaa. Imejaa. Imejaa. Mchoro wake wa mwisho wa masomo, zahanati yenye vyumba vya kujifungulia, unatakiwa Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Asipoupeleka, anarudia mwaka. Chuoni mashine ni chache, wanafunzi wanapangana kama watu wa kisimani.

Jioni nimemwona anapitia yaliyomo, anatafuta cha kutupa. Akafika kwenye mafaili ya mama yake. Kidole kikasimama.

Nikajifanya nachambua mchele.


Ijumaa, 8 Machi

Leo tumegombana. Bora niandike, kesho nitasahau nani alianza.

Nilianza mimi. Nilimwambia nimekuona juzi. Akasema hakufuta kitu. Nikasema lakini ulitaka. Akasema maneno ambayo hata sasa yananichoma:

"Hatuzisikilizi, Bibi. Tumeziweka tu zitutishe."

Ningekuwa na mkono mwepesi kama zamani ningemzaba. Nikamwuliza, na kaburi je, tunalisikiliza? Mbona hatulilimi mchicha? Akalia. Nikalia na mimi, ila kwa hasira, si kwa kushindwa. Kisha nikampangusa uso kwa kanga yangu nikamwambia haya, fungua moja basi. Moja tu. Tuone kama zinatisha.

Akafungua. Haikufunguka. Akajaribu nyingine, haikufunguka. Zile za mwanzo mwanzo, za ubatizo wa mtoto wa jirani na mvua ya mawe, zinacheza. Kuanzia pale Chiriku alipoanza kuumwa — hakuna hata moja. Majina yapo. Ukigonga, kimya.

Mtoto kashika kichwa. Anasema ni yeye. Ni ule mfumo wake wa pili.

Nimemwambia lala. Hakulala.


Jumamosi, 9 Machi

Kwa Fundi Subira tena, sote wawili. Katueleza kwa lugha ya nyumba, akijua mwenzangu ni mtu wa ramani na mimi ni mtu wa ufagio.

Anasema mashine ilikuwa chumba kimoja kikubwa. Mke mwenzangu alitaka kujenga ukuta katikati, apate viwili. Kabla ya kujenga, mashine inasogeza vitu vyote upande mmoja. Umeme ulikatika vitu vikiwa vinasogezwa. Ukuta ukasimama hivyohivyo, umepita katikati ya kabati. Nguo nyingine zimebaki upande wa pili. Upande ule mashine inauita mtupu kwa sababu haina macho ya kuuona. Lakini mtupu si lazima uwe mtupu.

Kwa hiyo njia ni mbili. Ya kwanza rahisi: tukubali ule upande ni mtupu, tuupake rangi, uwe chumba kipya safi. Nafasi inarudi leoleo, mtoto anachora, Jumatatu ya kumi na nane anapeleka. Ila kilichobaki kule ndiyo basi. Ya pili: kuubomoa ukuta, kurudisha chumba kikubwa kilivyokuwa. Nafasi inarudi, na huenda sauti zinarudi. Lakini kazi yenyewe ni ya saa nyingi, na ikikatizwa katikati vinaweza kupotea vya pande zote mbili.

Kwa hiyo kabla ya kubomoa, akasema, lazima vyote vinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje. Mnayo?

Mke mwenzangu akasema ipo ya mama, kabatini. Ya zamani.

Fundi akasema nzuri. Subira.


Jumanne, 12 Machi

Mtoto kapiga simu kutoka chuoni, yuko kwenye foleni ya mashine. Kasema, Bibi, kwenye kabati la mama mna diski nyeusi, ina kamkia ka waya. Mpelekee fundi. Ila ifutwe kwanza, mna takataka za zamani tu.

Kufuta! Leo nimepewa kazi ninayoijua. Nimefuta meza za ofisi maisha yangu yote, ghorofa nne, na vioo. Mkurugenzi alikuwa akijitazama kwenye meza yangu anyoe ndevu. Nimechukua kitambaa kikavu nikatoa vumbi. Nikachukua kingine nikatia spiriti kidogo, nikapita pembe zote, na ule mkia, na kale katundu ka mkia kwa njiti ya kibiriti. Mpaka ikang'aa.

Nikiwa naifuta nimemkumbuka. Shule ikiisha alikuwa akija kule kazini kunisubiri, akiwa darasa la pili. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo. Alikuwa akiandika kwa kidole kwenye vumbi la meza, herufi moja, baadaye neno. Ananizuia mkono. Anasema, Mama, usifute kabla hujasoma. Nasoma. Nafuta. Meza inayofuata, neno lingine. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma, vumbi kwa vumbi. Ofisi chafu ndizo nilizosoma sana. Wahasibu walinipa elimu kubwa.

Nimepeleka diski. Fundi alikuwa ameinamia simu ya mtu, kauliza bila kuinua kichwa, imefutwa? Nikasema imefutwa mpaka pembe. Akasema ataishika kesho.


Jumatano, 13 Machi

Aibu na neema siku moja.

Fundi katuita jioni. Diski iko mezani kwake, imechomekwa.

"Bibi, si ulisema umeifuta?"

"Inuse."

Kainusa. Kamtazama mke mwenzangu, mke mwenzangu katazama juu. Halafu yule mtu wa subira akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema tangu aanze kazi hii ameletewa diski zilizoungua, zilizotafunwa na panya, moja ilitumbukia chooni, lakini inayonukia hajawahi. Mtoto naye kajificha nyuma ya kabati la spika, mabega yanatikisika. Mimi nimesimama pale na mkoba wangu kama mtu aliyekuja kushtaki. Kumbe kufuta kwao ni kuua vilivyomo! Basi wasingesema kuua? Lugha ni moja, kitambaa ni kimoja, ningejuaje?

Wakacheka, wakamaliza. Ndipo fundi akasema, lakini imejaa, Bibi. Na si takataka.

Akasoma majina. Yote ya Chiriku. Miaka ambayo mtoto alikuwa bado anatambaa. Hata mke mwenzangu hakujua. Kulikuwa na moja iliyoitwa Vumbi. Fundi kauliza aifungue? Mke mwenzangu akasogea karibu, basi akaifungua.

Ni ofisini. Siku yangu ya mwisho ya kazi, nilipostaafishwa kwa saa ya ukutani na soda. Nilikuwa nimesahau kuwa alikuwa na kamera. Meza ya mkurugenzi, haijafutwa. Kidole cha Chiriku kinaandika kwenye vumbi. Mimi naonekana mkono tu na kitambaa. Halafu sauti yake, ileile, kama yuko nyuma ya mlango:

"Usifute kabla hujasoma, Mama."

Na sauti yangu, ya kibabe, inasoma kwa kuvuta: pu-m-zi-ka. Kisha nasema, nipumzike nani atapika? Naye anacheka kile kicheko cha kuku aliyetaga.

Mke mwenzangu alikuwa ameshika mkono wangu. Sijui alianza saa ngapi. Kucha zake zimeniacha alama.

Fundi alitoka nje, akasema anakwenda kutazama hewa.


Alhamisi, 14 Machi

Sasa tazama tulipofika. Vyungu viwili na vyote vimejaa. Ili kubomoa ukuta kwa usalama, fundi anataka diski iwe tupu, anakili ya kwenye kompyuta. Ili iwe tupu, lazima ifutwe — kufuta kwao. Vumbi iende, na zote. Diski mpya, bei yake ukiisikia unatafuta pa kukaa. Za fundi ni amana za wateja. Flashi ya mtoto inabeba mchoro wake na vipande vichache tu.

Fundi akasema basi chagueni vipande.

Tukakaa na yale majina. Nani achague? Tuseme hili la jikoni libaki, hili la uani life? Kafa mara moja, tumchagulie maneno ya kufa mara ya pili? Nikasema mimi sichagui. Nikamwambia mtoto, shule yako ni ya mbele, maiti ni wa nyuma. Ukitaka ile njia rahisi, ichukue, uchore zahanati yako. Sitakununia. Niliyasema yote kwa mkupuo nisije nikabadili. Na nilimaanisha.

Akawa anazungusha ule mkia wa diski kidoleni.

"Hatufuti tusichokisoma," akasema.

Huyu aliyesema Ijumaa kwamba zinatisha.

Basi ukuta utabomolewa bila akiba. Fundi kakunja uso. Kasema umeme ukikatika katikati msinilaumu, na mashine yenyewe inaweza isiamke tena. Mchoro mtoto kauweka kwenye flashi, huo uko salama, lakini haujaisha, na bila mashine utaishia wapi? Anajua. Kamjibu fundi kwamba anajua.

Itafanyika Jumapili mchana, nyumbani kwetu. Kibandani kwa fundi umeme ni wa kuazima. Atakuja na kisanduku chake cha akiba ya umeme. Kimechoka, kinashika muda wa kupiga chafya tu. Ila ni afadhali.


Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda kwa Cheche. Ni fundi wa mageti, tunapakana ukuta. Akichomelea chuma, taa zetu zinasinzia, na siku mbaya zinalala kabisa. Sikutaka kutuma mtu. Nimekwenda mwenyewe na fimbo.

Nikamwambia kesho mchana hachomelei mtu hapa. Akainua kinyago chake, akauliza Bi mkubwa umenunua serikali? Akasema ana geti la watu, mwenyewe anakuja na gari jioni kulichukua, bado bawaba mbili na komeo. Akauliza ni harusi au ni nini. Nikasema kompyuta inatibiwa. Akacheka, akawageukia vijana wake, akasema kompyuta ina presha.

Nikasema, ndani mna Chiriku.

Akaacha kucheka. Akaweka kinyago chini kwenye vyuma, taratibu. Kila asubuhi Chiriku alikuwa akimtukana kupitia ule ukuta: geti lako limepinda kama miguu yako! Naye anamjibu. Walikuwa hivyo miaka. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyechomelea msalaba, akakataa chochote, na msalaba ulikuwa umenyooka.

Kasema kesho atapaka rangi, atapiga msasa, atafanya yote yasiyotaka moto. Ila mwenye geti akifika na bawaba hazijashikwa, hana la kusema. Ana mkataba naye na ana watoto.

Nikasema inatosha. Nikamwombea dua ya miguu inyooke. Akaniambia miguu hii ndiyo ilikuwa inampa marehemu cha kusema.


Jumapili, 17 Machi

Imeanza. Fundi kaja na kisanduku chake, kagonga hapa na pale, halafu kamwambia mke mwenzangu abonyeze mwenyewe. Mtoto kanitazama. Nikatikisa kichwa juu chini. Akabonyeza.

Kuna mstari kwenye skrini. Upande mmoja buluu, upande mmoja mweupe. Buluu inakula nyeupe, polepole kuliko konokono. Chini pameandikwa usizime. Mtoto kanisomea, nikamwambia najua kusoma.

*

Bado. Fundi kasinzia kitini. Nimezima friji, nimezima redio, nimezima taa ya choo. Watoto wa jirani walikuja kuomba kuchaji simu ya mama yao, nimewafukuza, kisha nimewaita nikawapa mkate, kisha nimewafukuza tena. Nimeifuta meza pembeni ya mashine. Nimefika karibu, mtoto kaniambia, Bibi, mikono. Nimeacha. Vumbi lililobaki limebaki.

*

Buluu imepita nusu. Kwa Cheche nasikia msasa tu, kwaa, kwaa, kwaa. Mke mwenzangu hajatoka pale. Amekaa sakafuni chini ya soketi, kashika plagi kwa mikono miwili kama anaizuia isikimbie. Nimempa uji kwa kijiko, kama zamani. Kanywa bila kuangalia kijiko. Kaniuliza, zikirudi, ataanza na ipi? Nikasema ile ya mwisho kabisa. Akasema ile hawezi. Nikasema ndiyo maana tutakaa wawili.

*

Jua limegeuka. Gari limesimama nje.

Nasikia sauti ya mwanamume, si ya hapa. Anauliza geti liko wapi. Cheche anaeleza jambo, siyasikii maneno. Mwenye geti anasema alishalipia gari, gari haliwezi kusubiri. Msasa umenyamaza.

Taa imesinzia. Mara moja tu. Imerudi. Kisanduku cha fundi kimelia. Fundi yuko macho sasa, kasimama. Hasemi subira.

Cheche amepaza sauti. Anasema kuna mgonjwa nyumba ya pili. Yule mtu anauliza mgonjwa gani. Nachukua fimbo yangu, naenda kumwambia mgonjwa gani.

Buluu imebakiza kama upana wa vidole vitatu. Mtoto hajaachia plagi.

Basi sikiliza, wewe utakayelifungua tena daftari hili, unajijua. Usianze kusoma hapa. Nenda kwanza mezani, uiwashe. Ikiamka, mwite mtoto, fungueni ile ya mwisho, mumsikilize Chiriku mpaka amalize, hata kama anatukana. Isipoamka, usimseme mtoto hata neno. Toa kabatini ile diski inayonukia spiriti, nimeirudisha, mwende nayo kwa Fundi Subira, mkae karibu karibu, muanze na Vumbi.